Mwalimu wa kwenye video hakuoni: nilivyoacha mara tatu kabla ya kuzoea

Mkuu, umeuliza kama hizi video za mazoezi ya nyumbani zinasaidia kweli au ni kujichosha bure, na mtu aanze na ipi. Zinasaidia. Ila mimi niliacha mara tatu kabla ya kushtuka kwamba yule mwalimu hakuoni. Ukihema kama mbwa anaendelea tu, ukikosea anakusifia.

Mara ya kwanza nilichagua video iliyoahidi kuondoa kitambi. Ilikuwa ya mtindo wa Tabata: sekunde 20 unajituma mpaka mwisho wa nguvu, sekunde 10 unapumzika, mizunguko 8, jumla dakika 4. Nikasema dakika 4 nani atashindwa? Mzunguko wa tatu nilikuwa nimekaa sakafuni namtazama yule dada akiruka huku anatabasamu. Baadaye ndiyo nikasoma kwamba Izumi Tabata, Mjapani ambaye mtindo umebeba jina lake, katika utafiti wake wa 1996 aliwapima vijana waliozoea mazoezi, tena juu ya baiskeli ya kupimia. Siyo mtu aliyetoka kukaa kwenye kiti miaka mitano. Na habari ya kitambi, mwili hauchagui kuchoma mafuta ya pale unapopafanyisha kazi. Mazoezi ya tumbo yanakaza misuli iliyo chini ya mafuta, basi.

Kesho yake nilishindwa kushuka ngazi, keshokutwa ikawa mbaya zaidi. Nikadhani nimejiumiza nikaacha. Kumbe maumivu ya misuli isiyozoea hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha yanapungua yenyewe. Maumivu makali ya ghafla, au ya ndani ya kiungo, hayo ni mengine, usiyalazimishe.

Mara ya pili sina cha kusimulia, nilimaliza muda kuchagua video kuliko kufanya mazoezi.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifunza. Nilikuwa naweka simu sakafuni, basi kwenye planki (kujinyoosha kifudifudi ukijiinua kwa viwiko na vidole vya miguu) nageuza shingo kuchungulia, kwenye kuchuchumaa nainama nione yeye anafanya nini. Shingo ikakaza, goti likaanza kulalamika, nikaacha tena. Niliporudi, siku moja nikajirekodi nikichuchumaa. Jamani! Magoti yanaingia ndani kama yanasalimiana, visigino viko hewani, mgongo umepinda. Nilichokuwa nafanya hakikuwa kile kilichokuwa kwenye video hata kidogo. Nikapanua miguu kidogo, nikayaelekeza magoti kule vidole vinakoelekea, nikaacha kushuka chini sana. Wiki mbili hivi goti likanyamaza. Mpaka leo video iliyonisaidia kuliko zote ni hiyo mbaya niliyojipiga mwenyewe.

Kwa hiyo unapochagua, usiangalie mwili wa mwalimu, sikiliza maneno yake. Anataja zoezi linalofuata kabla halijaanza? Anasema uzito uwe wapi, uvute pumzi lini? Anaonyesha namna nyepesi kwa asiyeweza? Ukiweza kumfuata kwa masikio tu, huyo anafaa. Itazame yote mara moja ukiwa umekaa, kisha ng'ang'ana nayo wiki nne bila kubadilisha. Simu iwe usawa wa kifua. Kitufe cha kusimamisha ni chako, kibonyeze bila aibu.

Ile ya dakika 45 ya kurukaruka uliyosema umeipenda, ningeiacha kwanza. Tafuta ya dakika 20 hivi isiyo na kuruka, yenye kupasha mwili moto mwanzoni, mara tatu kwa wiki. Kipimo rahisi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi ya wastani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za kasi hiyo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu walau siku mbili, na kutembea haraka kunahesabika, kwa hiyo video peke yake isikutie presha. Kama una tatizo la moyo, presha au jeraha la zamani, pita kwa daktari kwanza.

Mimi sasa nina video mbili tu nilizozipakua. Sauti nimezima siku nyingi, maana najua atakachosema kabla hajafungua mdomo.