Ndege Imetua "London," Mjini Unafikaje Bila Kufilisika?

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Milan, sauti imejaa ushindi. "Mjomba, nakuja London! Tiketi pauni kumi na tisa tu!" Nikamuuliza anatua uwanja gani. "Si nimekwambia London, Mjomba?" Nikamwambia asome tena, polepole. Akasoma: Stansted, saa sita kasoro robo usiku.

Wengi wetu tumeingia mkenge huo. Viwanja sita vya ndege vinajiita vya London, lakini viwili tu, Heathrow na City, ndivyo vilivyomo ndani ya jiji. Stansted uko Essex, Luton uko Bedfordshire, Gatwick uko West Sussex, na Southend uko huko karibu na bahari. Kwa hiyo siku hizi silipii tiketi kabla sijaijumlisha na nauli ya kutoka uwanjani hadi mlango wa mahali ninapolala, kwenda na kurudi. Si mara moja tiketi iliyoonekana ghali, ya kutua Heathrow mchana, imenitoka kwa bei ndogo kuliko ile ya kutupwa ya usiku wa manane.

Tuanze na Heathrow maana ndiko ndege nyingi za kutoka kwetu zinakotua. Kuna reli tatu za kukufikisha mjini. Macho yako yatakutana kwanza na matangazo ya Heathrow Express: dakika 15 hadi kituo cha Paddington, haisimami popote. Ukikata tiketi papo hapo utalipa zaidi ya pauni 20, na Paddington penyewe mara nyingi siko unakokwenda, kwa hiyo unashuka na masanduku yako unalipa tena. Ukikata mapema sana bei hupungua, lakini nani anajua siku nyingi kabla kwamba ndege yake haitachelewa?

Ya pili ni reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022. Inachukua kama nusu saa hadi Paddington, kisha inaendelea katikati ya mji mpaka Liverpool Street na Canary Wharf. Ya tatu, ile ya wenye subira, ni treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly. Kufika katikati ya mji hesabu karibu saa nzima, lakini nauli yake haifiki nusu ya ile ya Elizabeth. Tena treni inaanzia safari hukohuko uwanjani, kwa hiyo kiti unapata.

Nikiwa peke yangu na begi moja, sifikirii mara mbili, napanda Piccadilly. Nikiwa na masanduku mawili nalipa ya Elizabeth bila kinyongo, kwa sababu vituo vyake vyote vina lifti au njia isiyo na ngazi. Hili nilijifunza kwa magoti. Mwaka wangu wa kwanza nilishukia Covent Garden, kituo cha Piccadilly, nikaona foleni ya lifti ni ndefu, nikajifanya kijana. Ngazi za pale ni za kuzunguka kama konokono, na ziko 193. Sanduku lilikuwa na kilo 23. Kufika kama ya themanini hivi nikawa nimekaa juu ya sanduku, watu wananipita, mama mmoja mzee akaniuliza kama aniitie daktari.

Ukiwa unarudi uwanjani, soma ubao wa treni kabla ya kupanda. Piccadilly nyingine huenda terminali ya 4, nyingine ya 5. Ukikosea usilie, kuhama kwa treni kutoka terminali moja hadi nyingine hapo Heathrow ni bure.

Nauli nayo ina mambo yake. Ukiwa na kadi ya benki yenye alama ya mawimbi, ile ya kulipia kwa kugusa, huna haja ya kununua Oyster, kadi ya nauli ya London: mtu mzima hulipa nauli ileile, na pesa ya kununulia kadi ya Oyster hairudi. Uliza tu benki yako inakata kiasi gani kwa malipo ya nje. Kila mtu awe na kadi yake, lakini watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima. Na uguse kadi hiyohiyo unapoingia na unapotoka. Mimi niliingia Heathrow kwa kadi, nikatoka Earl's Court kwa simu iliyounganishwa na kadi ileile. Kwangu ni pesa ileile, lakini kwa mashine zilikuwa kadi mbili, kila moja na safari isiyokamilika, nikakatwa nauli ya juu mara mbili.

Gatwick ni rahisi ukishajua siri. Gatwick Express na treni za kawaida za Southern zote zinakwenda kituo cha Victoria, tena muda wa safari unapishana dakika chache tu, ila Express ni ghali zaidi. Kama unakwenda London Bridge au St Pancras, panda treni ya Thameslink moja kwa moja.

Luton, jihadhari. Kituo cha treni kinaitwa Luton Airport Parkway, lakini hapo bado hujafika uwanjani. Kuna kitreni cha DART, kilichoanza mwaka 2023, na kina nauli yake. Kata tiketi iliyoandikwa Luton Airport, hiyo inajumlisha vyote.

Stansted, treni ni kama dakika 50 hadi Liverpool Street. Ukishukia njiani Tottenham Hale unaunganisha na treni ya chini ya ardhi ya Victoria. Basi la masafa marefu huwa nafuu zaidi ukilikata mapema, na ndilo linalokuokoa treni zikishalala.

Usiku kutoka Heathrow kuna basi N9 hadi katikati ya mji, kwa nauli ya basi la kawaida, chini ya pauni 2. Ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Ila noti zako ziache mfukoni: mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014.

Mpwa wangu alifika kwa basi, saa tisa kasoro usiku, amebeba mkoba na njaa. Asubuhi tukapiga hesabu mezani: mabasi ya kwenda na kurudi yalikuwa yamezidi bei ya ndege. Akacheka, akasema bado amepata. Nikamuuliza ya kurudi inaondoka saa ngapi.

"Saa kumi na mbili asubuhi, Mjomba."

Nikamwekea simu yake kengele ya saa saba usiku.