Kabla ya kumwandikisha mtoto, soma majina mlangoni

Tulipohamia St. Paul, Minnesota, mimi na mume wangu tulikuja na hesabu yetu ya Dar es Salaam: mwenye kipato hampeleki mtoto shule ya serikali, anampeleka English medium. Kwa hiyo tulipoona shule ya chata (charter school) karibu na nyumbani, watoto wamevaa sare na wamepanga mstari, mioyo ikatulia. Ile ya wilaya, yaani shule ya kawaida ya serikali, mtaani kwetu kabisa, hatukuingia hata kuuliza.

Naona ndugu wengi wanaofika sasa wanakosea palepale tulipokosea sisi. Shule ya chata si shule binafsi. Ni shule ya umma, haina ada, fedha zake zinatoka serikalini; tofauti ni kwamba ina bodi yake na mkataba, na ikishindwa kutimiza masharti inaweza kufungwa. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya shule hizi nchini Marekani, mwaka 1991, na ya kwanza ilifunguliwa hapahapa St. Paul mwaka uliofuata. Waombaji wakizidi nafasi, watoto wanachaguliwa kwa bahati nasibu. Sare haikuambii mtoto anafundishwa nini.

Binti yetu alikuwa darasa la pili. Siku moja ya Februari alitoka kwa daktari wa meno, amechelewa, nikampeleka mwenyewe hadi darasani. Mlangoni palikuwa na karatasi ya rangi yenye jina la mwalimu. Kona yake ilikuwa imebanduka, nikaiinua. Chini kulikuwa na jina jingine, na chini ya hilo, lile nililolikumbuka tangu Septemba. Walimu watatu kwa miezi sita! Jioni nikamuuliza mbona hakuniambia. "Mama, nilidhani ndivyo ilivyo." Nililia jikoni. Kila mwalimu alikuwa anaanza upya kumjua, na kusoma kwake kulikuwa kumesimama.

Ndiyo maana mama mgeni akiniuliza achague ipi, simwambii chata wala ya wilaya. Namwambia aombe kutembelea siku ya kawaida, si ile waliyoiandaa kwa ajili ya wazazi, kisha aulize: mwalimu wa darasa hili ana miaka mingapi hapa? Mwaka jana wameondoka wangapi? Shule iliyotulia inakujibu papo hapo. Ile yetu iliahidi kunipigia simu, na haikupiga. Aulize na habari za basi, maana ukitoka zamu ya usiku hospitalini, kukaa kwenye foleni ya magari ya wazazi wanaochukua watoto saa nane mchana kila siku si mchezo.

Kuna na hili la fomu. Wanauliza nyumbani mnazungumza lugha gani, na wengi wetu tunaandika Kiingereza kwa kuogopa mtoto atarudishwa nyuma. Dada zangu, kaka zangu, andikeni Kiswahili. Tangu mwaka 1974, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols, shule hairuhusiwi kumwacha mtoto asiyeelewa Kiingereza akae tu darasani. Ni haki yake kusaidiwa, iwe chata, iwe ya wilaya. Ukiandika Kiingereza, watajuaje kwamba anahitaji msaada?

Rafiki yangu Mkenya amemwacha mwanawe kwenye chata ya upande wa pili wa mji, na ninamuunga mkono. Mwalimu wa pale anamjua yule mtoto mpaka jina la bibi yake.

Sisi tulimhamishia binti yetu shule ya wilaya, ileile tuliyokuwa tukiipita kila asubuhi. Jengo limechakaa na sare hakuna. Mwalimu wake ana miaka 14 katika chumba hichohicho, na jina lake halijabandikwa mlangoni. Limechongwa kwenye kibao cha mbao.