Siku moja ya jiokeshi: upige mengi au mazuri? Jibu refu kidogo

Mkuu umeuliza hivi kuhusu jiokeshi, ule mchezo wa kutafuta kwa GPS makasha (makopo au vyombo vyenye kikaratasi cha kusaini) ambayo watu wameyaficha na kuyatangaza mtandaoni: umepata siku moja nzima iko huru, gari lipo, rafiki yuko tayari, sasa ufukuze namba upige makasha mia na ushee au uchague matatu manne ya maana ukae nayo. Nimepitia majibu ya juu, nusu wanasema namba ni utoto, nusu wanasema anayepinga namba ana wivu tu. Mi nimecheza pande zote mbili na bado nacheza, nitajibu kwa niliyoyaona mwenyewe, na niseme mapema kabisa kwamba niko upande wa machache, ila sababu zangu sio zile za kusema namba hazina maana.

Tuanze na hesabu kwanza maana watu wanataja idadi tu bila kupiga hesabu. Sheria ya mchezo inataka makasha yaachane angalau mita 161, ile sehemu ya kumi ya maili. Kwa hiyo njia ya kilomita 10 hata ikijazwa mpaka ishindwe kubeba tena inabeba kama 62 hivi. Weka dakika 5 kwa kila moja, kutembea, kupekua, kufungua, kusaini, kurudisha, hapo umemaliza saa 5 na dakika zake na bado hujafika hata mia. Ukitaka mia tatu lazima iwe gari na lazima iwe barabara ambayo mtu alishapanga makopo makusudi moja baada ya jingine, ndo hizo tunaita pawatreli. Ile maarufu kabisa ni ya Nevada kule Marekani, kando ya Extraterrestrial Highway, makopo kwa mamia kwa mamia jangwani, na kuna timu zimetangaza kupiga zaidi ya 1,000 ndani ya saa 24. Sasa gawanya, siku ina dakika 1,440, elfu moja ni chini ya sekunde 87 kwa kila kopo na humo humo kuna kuendesha, kushuka, kusaini, kurudi garini. Kula utakula ukiwa umekaa kwenye siti mlango wazi.

Mi yangu haikuwa ya kiwango hicho ila utaratibu ni ule ule. Tulikuwa wanne, dereva hashuki, mmoja anasoma ramani na kutaja mita zimebaki ngapi, wawili tunashuka kwa zamu. Kopo lenyewe kila mara ni lile lile la filamu ya zamani ya kamera, limewekwa chini ya rundo la mawe mguuni mwa nguzo. Muhuri wa jina la timu tulichonga kabla maana kuandika kwa mkono kungetumaliza. Unashuka, unasukuma jiwe, unabandua kifuniko kwa kidole gumba, unavuta kikaratasi, unapiga muhuri, unakunja, unarudisha, mlango paa! Masaa ya mwanzo raha kweli, tunacheka, tunashindana nani anarudi haraka. Mchana vumbi limeshaingia mpaka puani, kidole gumba kinauma kwa vile vifuniko, na nikakuta nimeacha kabisa kuangalia nje. Dereva akauliza lile la karibu na daraja lilikuwaje, hakuna aliyekumbuka kama tulivuka daraja.

Lakini sitadanganya, ile siku ilikuwa nzuri. Uzuri wake ulikuwa watu. Saa zote zile mmefungiwa kwenye gari moja na kazi moja ya kijinga mnaongea mambo ambayo kwa simu hamtaongea mwaka mzima, so mtu akiniambia siku ya namba haina faida namkatalia. Faida ipo, ila haipo kwenye makasha, ungeweza kubadilisha makasha ukaweka kitu kingine chochote cha kujirudia rudia na siku ikabaki vile vile. Hiyo kwangu ndo tofauti kubwa.

Pia kuna kitu sikipendi na hakisemwi sana humu, namba ikishakuwa kubwa inaanza kudai njia za mkato. Kuna ule mtindo wa kuzungusha makopo, unafika la kwanza unalichukua, unaweka pale kopo uliloandaa, wakati gari linaenda la pili unasaini lile ulilobeba, ukifika unaliacha pale na kuchukua la hapo, hivyo hivyo mpaka mwisho wa barabara, kwa hiyo hakuna kopo linabaki mahali pake. Kuna wanaogawana timu mbili, gari moja linapiga kaskazini jingine kusini alafu jioni wote wanajiandikia yote. Na kuna ule wa kutupa kopo jipya pale mnaposhindwa kuona la zamani ili mjihesabie mmepata. Hili la mwisho linaniudhi zaidi ya yote, maana anayekuja nyuma yako anakuta makopo mawili sehemu moja, hajui lipi ni lenyewe, na mwenye kasha nyumbani haelewi kwanini watu wanasema rahisi wakati yeye alilificha gumu. Kuna wenye pawatreli wanaruhusu haya waziwazi kwenye maelezo yao, hapo sawa, ni mchezo wao na sheria zao, ila mtu akishazoea kule anakuja kulifanya kwenye kasha la mtu ambaye hajaruhusu chochote.

Na logi zake sasa, yaani ile taarifa unayoandika mtandaoni baada ya kutafuta kasha. Kila ukilogi mwenye kasha anapata ujumbe. Aliyeweka makopo mia tatu kwa siku moja hana shida ukimwekea kopi pesti ya "asante kwa kasha" mia tatu, hata yeye anajua. Lakini katikati ya ile orodha kuna kasha moja limewekwa na mtu aliyechonga mbao wiki nzima, nalo limepata sentensi ile ile. Nimewahi kuwa upande huo, nina kasha moja lilinichukua muda kulitengeneza, nikifungua ujumbe nikakuta "tulikuwa timu ya watu sita, makasha mengi leo, asante" huwa najiuliza kama hata waliligeuza kuona upande wa pili.

Sasa upande wa machache. Kasha zuri kwangu sio lazima liwe gumu wala liwe mlimani, mi napima kwa swali moja tu, je bila hili kasha ningewahi kufika hapa au kufanya hiki? Kama jibu ni hapana basi limefanya kazi yake.

Nitoe moja. Kasha lilikuwa bomba la plastiki limesimama wima, limefungwa kwenye mti, refu karibu kifua changu, chini limezibwa na ubavuni kote limetobolewa matundu. Ukichungulia juu unaona kichupa kiko chini kabisa, mkono hauingii. Maelezo yanasema tu njoo na maji na njoo na mwenzako. Ukimimina maji yanatokea matunduni, kichupa kinapanda kidogo kinashuka, sasa inabidi uzibe matundu kwa vidole huku mwingine anamimina, na vidole vya mtu mmoja havitoshi, kiganja kinazibia mawili, goti linazibia moja, mwenzangu anamimina kwa mkono mmoja na mwingine anaziba la juu, maji yanaingia mikononi mpaka kwapani, kichupa kinapanda polepole mpaka kikafika mdomoni mwa bomba alafu hakuna mwenye mkono wa bure wa kukichukua! Akakidaka kwa meno. Tulikaa pale muda ambao kwenye pawatreli ungetupa makopo hamsini na nakumbuka mpaka sauti ya maji yakirudi chini.

Angalia pia pointi za fevariti, zile za kuonyesha kasha ulilolipenda zaidi. Wenye uanachama wa kulipia wanapata pointi moja ya kumpa mtu kwa kila makasha kumi wanayopata. Siku ya mia mbili inakupa pointi ishirini za kugawa, alafu unakaa jioni huna pa kuzipeleka, hakuna hata moja kati ya yale mia mbili unayoona inastahili. Siku ya manne haikupi hata pointi moja kamili lakini unatamani ungekuwa nazo tatu. Mi pointi zangu nyingi nilizipata kwenye siku za namba nikazitumia kwenye siku za machache, ndo maana nasema namba zina msaada wake lol.

Kwa wale wanaosema wanataka takwimu zao zipande, hata kwenye takwimu idadi ni kona moja tu. Kila kasha lina nyota za ugumu wa kutafuta na nyota za ugumu wa njia, 1 mpaka 5 kwa nusu nusu, ukizipanga unapata jedwali la vyumba 81. Ukipiga makopo mia tatu ya barabarani karibu yote yanaingia vyumba vile vile viwili vitatu vya kona ya chini, mengine yote yanabaki meupe. Wapo pia wanaofukuza aina badala ya idadi, siku moja wapate la kawaida, la fumbo, la hatua nyingi, lisilo na kopo (virtual), EarthCache (la kujifunza jiolojia ya mahali), Wherigo (la mchezo unaoucheza kwenye simu ukitembea), letabox (lenye muhuri ndani), na hapo kupanga peke yake ni kazi ya jioni kadhaa. Hiyo nayo ni namba, ila ni namba inayokulazimisha kuangalia.

Na usidhani waliokolea kwenye huu mchezo wote wanapenda mengi. Kule kaskazini magharibi ya Marekani kuna safari watu wanaifunga ya siku moja kwa makasha matatu tu: makao makuu ya Geocaching pale Seattle, lile la Mission 9: Tunnel of Light kwenye milima ya jimbo la Washington karibu na handaki la zamani la treni, na kibao cha kumbukumbu kule Oregon pale kasha la kwanza lilipokuwa. Siku nzima barabarani kwa matatu! Watu wanapanda ndege kwa ajili hiyo. Lile la kwanza lenyewe lilikuwa ndoo, Mei 2000 Marekani ilikuwa ndo imeacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kesho yake tarehe 3 jamaa mmoja Dave Ulmer akaenda kuificha akatangaza kodineti (namba za mahali ilipo). Wakati ule swali lako lisingekuwepo, ungetoka kwa moja maana lilikuwa moja. Leo yako zaidi ya milioni 3 duniani, kwa hiyo kuchagua kumekuwa sehemu ya mchezo na asiyechagua anachaguliwa na ramani.

So kwa siku yako mkuu mi ningefanya hivi. Chagua kasha moja kubwa, panga kwa pointi za fevariti lakini usiamini pointi peke yake, soma logi kumi za mwisho, ukiona logi ni ndefu na watu wanasimulia basi hilo ni lenyewe, ukiona pointi nyingi na logi za maneno matatu pengine liko tu sehemu yenye watalii wengi. Hakikisha halina misururu ya "sijalipata" za karibuni. Lianze asubuhi, hapa watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza na rahisi "kupasha mwili" alafu wanafika kwenye kubwa saa tisa miguu imechoka na chaji ya simu iko nusu. Kubwa kwanza. Mawili ya kati yawe njia hiyo hiyo. Alafu makopo rahisi yaache ya kurudia, yakipatikana sawa yasipopatikana hakuna aliyeumia.

Na ukubali kwamba siku ya machache inaweza kuisha na sifuri. Hii ndo gharama yake halisi na wapenzi wa ubora huwa hawaisemi. Ukitoka kwa mia tatu ukikosa ishirini hujali, ukitoka kwa matatu ukakosa lile moja ulilolifuata kuna ukimya garini. Chini ya miti minene GPS inakutupa mita kumi na zaidi, unazunguka jiwe moja mpaka unajua kila ukungu wake, giza linaingia, unaandika sijalipata unaondoka. Kama wewe ni mtu wa kuumia na hilo basi weka makopo mengi ya akiba, hamna aibu.

Jambo moja la mwisho kuhusu huyo rafiki yako, hukusema kama ameshawahi kucheza. Kama hajawahi geuza mpango kidogo, mpe mawili matatu rahisi kabisa kwanza ajue kopo linafananaje na amlipe mtu heshima ya kurudisha jiwe kama lilivyokuwa, alafu ndo umpeleke kwenye kubwa na umwache yeye alione, wewe hata ukiliona kaa kimya. Na mbebe peni mbili na kibanio kidogo, vile vikaratasi vya nano, yale makasha madogo kabisa, havitoki kwa kucha.