Jibu: "Bliti" ni kitu gani?

Yakhe, umeuliza "bliti" kwenye kodi (maandishi ya programu) ya gemu ndiyo nini, na kwa nini picha ya ngalawa yako inatembea na kisanduku cheusi juu ya bahari.

Bliti ni kunakili kipande cha mstatili cha picha, kwa mkupuo mmoja, kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyengine. Jina linatokana na BLT, amri ya kuhamisha bloku katika kompyuta ya PDP-10. Dan Ingalls na wenzake pale Xerox PARC, maabara ya utafiti wa kompyuta, ndio waliobuni bliti hii kwa jina la BitBLT mwaka 1975.

Kwa kuwa mstatili mzima unanakiliwa, weusi unaoizunguka ngalawa nao unakuja; ndio kisanduku chako. Hicho kisanduku kilinisumbua wiki nzima hapa Wete, mimi nashughulika na rangi tu! Dawa yake barakoa: picha ya pili, nyeupe kote, nyeusi penye umbo la ngalawa. Ipitishe kwanza juu ya bahari kwa NA (AND: penye nyeupe bahari inabaki, penye nyeusi panakuwa peusi), patabaki tundu jeusi la ngalawa. Kisha ibandike ngalawa yenyewe, iliyozungukwa na weusi, kwa AU (OR: penye weusi bahari haibadiliki). Kisanduku hukioni tena.

Na ukisogeza mandhari nzima kulia, anza kunakili kutoka kulia, ama utafuta pikseli ambazo hujazisoma.