Kabla Hujaandika Reviewed-by

Wadogo zangu mliopokelewa majuzi katika uhakiki wa viraka (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa ili yakubaliwe) vya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, yaani mashine pepe, nimesoma maoni yenu ya siku hizi na uvumilivu umenishinda. Kiraka kinacholeta kifaa kipya chenye rejista zake (visanduku vidogo vya amri na data) na njia yake ya DMA (kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu chenyewe, bila kupitia CPU) kimepita mikononi mwenu, na yote mliyoyaona ni nafasi kabla ya mabano, mistari iliyozidi herufi 80, na jina la kigeu lisilopendeza. Hiyo ni kazi ya checkpatch.pl, skripti ya kukagua mtindo wa msimbo, ambayo haichoki wala haidai chai. Ninyi mnahitajika kwa yale yasiyoonekana ndani ya kiraka, kabla hamjaweka Reviewed-by, yaani mstari wa kuthibitisha kwamba mmekihakiki.

1. Mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, haaminiwi. Kila thamani anayoiandika kwenye rejista, iwe urefu wa bafa (eneo la kumbukumbu la kuweka data kwa muda), faharasa ya jedwali au anwani ya DMA, ichukulieni kuwa imeandikwa na adui mwenye subira. Wote mnalijua jina la VENOM, kasoro ya usalama ya QEMU iliyosajiliwa kama CVE-2015-3456, ila nina shaka kama mmewahi kufungua faili la kidhibiti cha flopi mkaona kosa lenyewe lilivyokuwa dogo. Bafa ilikuwa na baiti 512. Amri mbili za kidhibiti hicho hazikurudisha mwanzo kielekezi cha data kama ilivyopasa, na mgeni aliyeendelea kuandika alivuka ukingo wa bafa na kuingia katika kumbukumbu ya mchakato wa QEMU kwenye mashine mwenyeji. Msimbo huo ulikuwepo tangu 2004, ukapita mbele ya macho ya watu hodari, hadi Jason Geffner wa CrowdStrike alipoubaini na habari kutangazwa Mei 2015, wakati flopi zenyewe zilikwisha kuwa vitu vya makabatini. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kidhibiti kiliwekwa katika mashine za kawaida za x86 hata pale mtumiaji alipokuwa hajaomba flopi yoyote, kwa hiyo mkihakiki kifaa, ulizeni pia ni nani atakayekuwa nacho bila kukiomba. Na assert (sharti ambalo likivunjika programu hujizima) ambayo mgeni anaweza kuifikia ni kosa; badala yake tumieni qemu_log_mask na LOG_GUEST_ERROR kuandika kosa la mgeni kwenye logi, kisha msimbo uendelee.

2. Someni ujumbe wa komiti (commit), yaani maelezo yanayoambatana na kiraka, kabla ya msimbo, na usipoeleza sababu ya mabadiliko, urudisheni.

3. Kila kiraka katika mfululizo lazima kikompailiwe kikiwa peke yake, la sivyo atakayetumia git bisect (kutafuta kiraka kilicholeta kosa kwa kujaribu hatua zilizopita) mwakani atawalaani, naye atakuwa na haki.

4. Hali inayohamishwa, yaani data ya mashine pepe inayotumwa inapohamia seva nyingine ikiwa inakimbia. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoumia. Nilikuwa nikihakiki viraka vya tawi la ndani la QEMU katika kampuni iliyokodisha mashine pepe, na kijana mmoja, makini kuliko nilivyokuwa mimi, akaleta kiraka cha kadi ya mtandao ambacho, pamoja na mambo mengine, kiliongeza uga mmoja (kipande cha data) wa biti 32 katikati ya VMStateDescription, yaani orodha ya nyuga za kifaa zinazotumwa wakati huo. Nilimwandikia maoni mengi. Nilikosoa majina ya fanksheni zake, nikakosoa mpangilio wa faili za vichwa, nikamwagiza agawanye fanksheni ndefu. Alitii yote, akatuma toleo la pili na la tatu, akanishukuru, nami nikaweka Reviewed-by nikiwa nimeridhika na ukali wangu, kama fundi anayesifia rangi ya mlango usio na komeo. Kuhusu ule uga sikuandika neno.

Jaribio la kuhamisha mashine lilipita, maana pande zote mbili zilikuwa na toleo lilelile, na mnajua kwamba usomaji wa mtiririko wa uhamishaji hauongozwi na majina ya nyuga: upande unaopokea husoma baiti kwa mpangilio unaoujua wenyewe. Usiku wa kusasisha seva, hali iliyotoka toleo la zamani ilifika ikiwa pungufu kwa baiti 4, toleo jipya likasoma takataka, na uhamishaji ukakatika. Uhamishaji ukishindwa namna hiyo mashine huendelea kukimbia ilikokuwa, kwa hiyo hakuna mteja aliyepoteza data. Lakini seva za zamani hazikuweza kuondolewa wageni wake, na mashine zilizokwisha kuwashwa kwenye toleo jipya hazikuweza kurudi, kwa sababu nazo zilituma baiti 4 ambazo toleo la zamani halikuzitarajia. Wateja waliombwa radhi, mashine zao zikazimwa na kuwashwa upya. Kijana yule ndiye aliyehojiwa kwanza. Nilisema kikaoni kwamba kosa ni langu, ila nilichelewa kusema, na hilo bado linaniuma kuliko zile baiti.

Kuongeza version_id, yaani namba ya toleo la orodha hiyo ya nyuga, kusingetosha, kwa sababu toleo la zamani hukataa namba kubwa kuliko yake. Ilifaa kuweka sehemu ndogo (subsection) yenye fanksheni ya needed, inayotumwa pale tu uga unapokuwa na thamani ambayo mpokeaji hawezi kuikisia, pamoja na sifa inayouzima uga huo kwa aina za mashine za zamani kupitia hw_compat, orodha ya mipangilio ya kupatana na matoleo yaliyopita. Mkikuta uga mpya katika VMStateDescription, daini ushahidi wa kuhamisha kutoka toleo la zamani kwenda jipya na kurudi, kwa aina ya mashine yenye namba, kama pc-q35-8.2, maana q35 tupu hubadilika kimyakimya kila toleo linapotoka.

5. Tenganisheni lililo la lazima na lililo pendekezo lenu tu. Mtu anayeleta kiraka chake cha kwanza hawezi kujua kwamba maoni kumi kati ya kumi na mawili ni hiari, na wapo walioondoka bila kutuma toleo la pili kwa sababu hiyo.

6. Pasipo Signed-off-by, mstari ambao mwandishi anathibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo, kiraka hakiingii, hata kiwe kizuri namna gani. Msipoteze jioni kukijadili kabla mwandishi hajaiweka.

7. Na kama mmesoma viraka vitatu vya mwanzo katika mfululizo wa tisa, wekeni Reviewed-by kwenye hivyo vitatu, mkaandike wazi kwamba vilivyobaki vinamsubiri mtu anayeijua DMA.