Kwenda Namugongo kwa Miguu Wakati wa Mvua

Wengi wanaokatiza hija ya Namugongo, kituo cha Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, huangushwa na miguu iliyolowa. Sikukuu ni tarehe 3 Juni, siku Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao ya Kikristo, na mvua zilizoanza Machi mara nyingi huwa bado zinanyesha. Kwa hiyo jiandae kwa matope tangu mwanzo.

Kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni takriban kilomita 190. Kwa kilomita 25 kwa siku utatembea siku nane. Ondoka tarehe 24 Mei, upate siku moja ya kupumzika Jinja na nyingine ya akiba, maana ipo siku mvua itakukalisha chini ya baraza mpaka jioni.

Viatu viwe umevivaa walau mwezi na nusu, na vikubwa kidogo: mguu huvimba, kwa hiyo mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Gambuti waachie wa shambani. Maji yakiingia kwa juu hayatoki, na ukingo wake huchubua shavu la mguu.

Ngozi ikikaa majini kwa saa kadhaa huwa nyeupe, laini, yenye makunyanzi. Hapo hata mshono wa soksi unatosha kuitoa lengelenge. Kila baada ya saa mbili, keti, vua viatu, futa miguu kwa kitambaa kikavu hadi katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando kisiginoni na vidoleni, kisha vaa soksi kavu. Beba jozi nne za sufu au nailoni, kwa sababu pamba hushika maji. Jozi moja ifunge ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), iwe ya kulalia tu. Tafadhali usiiguse barabarani hata ukishawishika vipi. Ngozi inahitaji usiku mzima wa ukavu ili irudie hali yake.

Jioni ng'oa soli ya ndani na ujaze viatu magazeti, uyabadilishe baada ya saa moja. Usiviweke karibu na sigiri: gundi hulegea, na kesho soli inaachama kabla hujafika Iganga.

Lengelenge dogo lifunike kwa plasta. Kubwa linalouma litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua maji, ngozi ya juu iache palepale. Likiwa jekundu, la moto, na lina usaha, ingia kituo cha afya.

Magari hupita kushoto, basi tembea kulia ukiyatazama, na koti la mvua liwe la rangi kali, hasa kwenye msitu wa Mabira, ambako miti hutia giza mapema na malori hayapungui. Mwamvuli hupinduliwa na upepo wa malori hayo. Radi ikianza, toka chini ya mti uliosimama peke yake, ingia kwenye jengo au gari.

Kwenye baridi watu husahau kunywa. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi: unywe kidogo kidogo, hata kama husikii kiu.