Wastani umemrudisha binti yangu Machi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu alisoma shule ya msingi ya serikali, masomo yote kwa Kiswahili. Mwaka huu yuko kidato cha kwanza. Jaribio la Kiingereza la Machi alipata 9, la Mei 22, la Septemba 53. Ripoti imekuja na 28, F. Tangu jana analia kwamba Kiingereza hakiwezi. Ni kweli?
Mama Wawili, Kilosa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anakiweza. Jumlisha: 84. Gawa kwa tatu: 28. Hesabu haina kosa. Lakini kwa gredi za Baraza la Mitihani, F inaishia 29 na C inaanzia 45, kwa hiyo binti wa Septemba ana C. Ripoti inamzungumzia yule wa Machi, ambaye pengine hata maelekezo ya karatasi hakuyaelewa. Mtoto akishatembea, nani humkatia siku alizotambaa?

Mimi mwenyewe sina usafi. Nilipokuwa nafundisha pwani ya kusini, nilikuwa nakata nusu alama kwa kila kosa. Niliwapa insha ya siku wasiyoisahau. Kijana mmoja akajaza kurasa tatu, baba yake na ngalawa wamechelewa kurudi, mama kakaa ufukweni na karabai. Aliandika "the sea it was not sleep". Makosa 31. Nikampa 4 na nusu kati ya 20, daftari limechafuka wino mwekundu utadhani nimechinja kuku. Mwenzake aliandika sentensi kumi: "I woke up. I washed my face." Nikampa 18.

Muhula uliofuata yule kijana naye akaandika "I woke up". Alama zake zikapanda, nami nikampongeza mbele ya darasa. Bahari ile sikuiona tena kwenye daftari lake.

Sasa nenda shuleni na karatasi zote tatu. Usiende kwa shari. Mwalimu huyo huenda ana madaftari mia na zaidi mezani, na fomu ya ripoti ina kisanduku kimoja tu cha alama. Mwombe aandike kwenye maoni: 9, 22, 53, zilivyofuatana. Pia akutajie kosa moja, moja tu, la kushughulikia likizo hii.

Na leo usiku binti akusomee kwa sauti insha yake ya Septemba. Ukisikia kosa, nyamaza.